Magoroto: waja leo, walala, waondoka kesho

#1 Ngalawa Kavu

Wakuu, salaam.

Mimi mtoto wa Tanga mjini, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Kwetu sisi matembezi maana yake ni Raskazone kuogelea, na wageni wakija tunawasogeza mapango ya Amboni, tumemaliza. Milima tunaionea Muheza kupitia dirisha la basi: tunanunua mfuko wa machungwa, konda anagonga bodi, huyoo Segera. Miaka arobaini nimeishi hivyo na sikuona kasoro.

Aliyenitoa ni mama. Ni Mbondei, alishuka Tanga kwa kuolewa, na tangu hapo kwao amekuwa akienda kwenye misiba tu. Siku hiyo nilikuwa namwonyesha picha za Dubai alizotuma shemeji. Akazitazama zote, akanirudishia simu. "Hawa nao wamefika mbali. Wewe kwa babu yako pale juu hata njia huijui." Sikuwa na la kujibu.

Basi mwezi wa sita, watoto wamefunga shule, tukajipakia sita kwenye kagari kangu kadogo, safari ya Magoroto.

Kwa asiyepajua: Magoroto ni mlima unaoitazama Muheza mjini kwa juu, ni kipande cha Usambara Mashariki. Huko juu kuna shamba la zamani la michikichi, la tangu enzi za Mjerumani, na kati ya shamba na msitu kuna bwawa. Siku hizi watu wanakwenda kutalii. Kuna mahema na vijumba vya kulala, kuna ile mitumbwi ya plastiki wanayoiita kayaki, kuna bembea, kuna vijia vya kutembea msituni mpaka kwenye maporomoko.

Kupanda sasa. Umbali si mkubwa, tatizo ni mwinuko na udongo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na mimi nikajifanya dereva. Kwenye kona moja gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, polepole, kama mgeni anayeaga huku bado anaongea. Tairi la nyuma likaingia mferejini. Akatoka bibi mmoja shambani na jembe begani. Hakuuliza kitu, akachimba mbele ya tairi mara nne tano, kisha akanikabidhi jembe: "Chimba mwanangu, mimi mgongo sina." Wajukuu zake wakaleta makuti makavu ya mchikichi tukatandika. Mama huku nyuma keshaanza Kibondei na yule bibi, na kabla gari halijatoka walikuwa wameshafukua undugu wa upande wa mama zao. Gari likachomoka, watoto wakashangilia, nikarusha vitu vyote kwenye buti na kuondoka bila kusimama, maana ukisimama pale unarudi mferejini.

Tulifika saa tano. Wenye magari makubwa walikuwa wengi, kila mtu anangoja zamu ya bembea apigwe picha. Bwawa zuri, sikatai. Maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, michikichi imelizunguka, na ukiitazama kwa karibu vigogo vyake vimeota majani tangu chini mpaka shingoni, utadhani mti umevaa sweta. Lakini nikajisemea moyoni, ndiyo hii tu? Saa kumi jioni wote wakaondoka. Waja leo waondoka leo, kama ule msemo wetu.

Sisi tukabaki, kwa sababu mama alikataa kuteremka siku hiyohiyo na dereva wa aina yangu.

Wakuu, bwawa lile ni la alfajiri. Nilitoka saa kumi na mbili kasoro nimejifunga shuka mbili juu ya jaketi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, wa chini tu, hivi kwamba michikichi ya ng'ambo ilionekana vichwa bila miguu. Vyura waliokesha wakipiga kelele wakanyamaza wote kwa mpigo. Kisha nikasikia mlio juu yangu, fwaa, fwaa, fwaa, kama mtu anakung'uta mkeka. Hondohondo wawili. Mbawa zao zina sauti, sikuwahi kujua. Wakatua juu ya mchikichi, wakaanza kudonoa chikichi, kokwa zinadondoka majini moja moja. Nikageuka nimwite mke wangu, nikamkuta mama kakaa kwenye ngazi ya kijumba chetu, kanga kichwani, anatazama. Alikuwa ameshatangulia.

Nilichotaka kusema ni hiki: watu wa Tanga mnaokwenda kule saa tano na kurudi saa kumi, mmelipia bwawa hamjaliona. Laleni.

#2 Fundi Pancha

Uzi bila picha haunogi mkuu.

#3 Chenza Bichi

Nasogeza kiti. Mimi Muheza kabisa, Magoroto naiona nikifungua dirisha. Sahihisho moja: humu watu wakipita utasikia "ziwa la Magoroto". Lile ni bwawa, limetengenezwa na watu. Ziwa anachimba Mungu.

#4 Ngalawa Kavu

@Fundi Pancha picha ninazo, zimejaa vichwa vya watoto wangu. Nitazichuja.

@Chenza Bichi ndiyo maana nikaandika bwawa ndugu yangu. Mbondei hakawii kusahihisha.

#5 Mshamba wa Soni

Nawapongeza kwa kugundua kilima. Siku mkitaka milima yenyewe, piteni Mombo mpande kwetu. Maporomoko ya Soni utayaona kutoka barabarani bila hata kushuka kwenye gari, lami mpaka Lushoto, hakuna jembe wala makuti. Pale Irente unasimama ukingoni unaiona nyika yote chini, Mazinde kule, unahisi unaweza kuishika treni kwa mkono. Ukiwa na siku tatu nenda Mtae, utaiangalia Mkomazi ukiwa juu. Na baridi yetu ni baridi, siyo hiyo ya shuka mbili. Nyie Wabondei tuliwatawala zamani, ni haki yenu kuja kusalimia.

#6 Chenza Bichi

Mlitutawala mpaka lini? Malizia hadithi, usiikate penye utamu.

#7 Mwalimu wa Zamu

Nimalizie mimi, maana hapa watu wataanza kurushiana peasi na machungwa.

Wakilindi ndio ukoo uliowatawala Wasambaa, makao yao makuu Vuga. Simulizi yao inaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyekaribishwa na Wasambaa kwa sababu aliwamalizia nguruwe mashambani na kugawa nyama bila uchoyo. Kizazi chake kikatawala, na wakati wa Kimweri ye Nyumbai utawala ule ulifika mpaka Bonde na pwani. Kimweri akafariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu wakagombana, na ndani ya miaka michache Wabondei wakainuka wakawafukuza Wakilindi waliowekwa huku. Uasi huo unaitwa Kiva. Kwa hiyo mshamba wetu wa Soni yuko sahihi kwa nusu ya kwanza, na mla chenza kwa nusu ya pili.

Na hata jina lenyewe, Wabondei ni watu wa Bonde, jina walilopewa kwa kukaa chini ya Usambara. Kwa hiyo Mbondei kukaa juu mlimani Magoroto na kuitwa mtu wa bondeni ni kichekesho chake.

#8 Mshamba wa Soni

Mwalimu umenivua nguo mbele za watu. Nakubali. Lakini peasi zetu hamna.

#9 Kiroboto Mpole

Sina nia mbaya, ila hizi sehemu naona ni za wenye magari na simu kubwa. Mtu wa kawaida anakwenda kutazama maji yaliyosimama ili iweje? Maji si yapo Raskazone, tena yana chumvi, tena bure.

#10 Ngalawa Kavu

@Kiroboto Mpole hata mimi saa tano asubuhi nilisema hivyohivyo.

Suala la fedha ni kweli, kulala kule kunagharimu kuliko gesti ya Muheza. Sisi tulipunguza makali kwa kubeba chakula chetu cha njiani: mikate ya ufuta, samaki wa kukaanga, na mama na mihogo yake iliyochemshwa. Viingilio na vyumba piga simu kwanza, maana bei hubadilika na mwisho wa wiki hujaa. Usafiri kwa asiye na gari ni rahisi: stendi ya Kange unapanda kosta mpaka Muheza, kisha bodaboda. Elewana bei kabla hujakaa kwenye siti, na muulize kijana kama mlima ule ameshaupanda. Akikwambia "hapo padogo tu" tafuta mwingine.

Halafu ile njia yenyewe nayo ni matembezi. Toka Pongwe mpaka Ngomeni unapita mikonge. Mama alikuwa anawaonyesha wajukuu mistari ya mikonge jinsi inavyonyooka, akawaambia babu yao alikata mkonge. Binti yangu akauliza alikuwa anaukata na nini. Mama akakunja mkono wa kulia akaonyesha jinsi ya kulishika jani, kukata, kunyofoa ile sindano ya ncha, kufunga tita. Sikuwahi kumwona mama akifanya kitendo kile maishani. Hiyo nayo ni bure.

#11 Dada Iliki

Shikamooni wakubwa. Mimi ni nesi, naomba niharibu starehe kidogo.

Maji baridi yaliyotuama, popote Tanzania, ukiwa na watoto fikiria kichocho. Kwa kawaida mtu hakipati kwa kunywa. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ukiwa umesimama majini, hasa pembezoni penye majani na maji ya vuguvugu ya mchana. Kwa hiyo kupiga kasia katikati ni afadhali kuliko kuchezea ukingoni, na ukitoka jifute kwa taulo haraka, usikaukie juani. Mtoto akianza kukojoa damu wiki au miezi baadaye asionewe aibu, apelekwe hospitali. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu.

La pili, jaketi la kuelea. Mtu wa pwani ana kiburi cha kuogelea. Maji ya chumvi yanakubeba, maji baridi hayakubebi hivyo, na chini huoni. Vaa jaketi hata kama ulizaliwa ndani ya ngalawa.

#12 Ngalawa Kavu

Dada asante. Hilo la maji kutobeba nililiona kwa macho yangu: shemeji yangu mdogo, bingwa wa Raskazone, alijitosa bila jaketi, alipotokeza uso ulikuwa mwingine kabisa. Hakurudia.

#13 Fundi Pancha

Bi mkubwa je, alipanda kayaki?

#14 Ngalawa Kavu

Swali zuri. Alikataa katakata. "Mimi kwenye karai la plastiki? Siingii." Asubuhi ya pili, jua limeshatoka, kijana wa pale akaja na mtumbwi wa watu wawili, akamwamkia kwa Kibondei. Basi, silaha zikaanguka. Akamvisha jaketi juu ya kanga, akamkalisha mbele. Walizunguka bwawa zima polepole. Nilikuwa nawasikia wanaongea tu, maji yanapeleka sauti. Alikuwa anamuuliza kijana ni wa ukoo gani, na mlima Mlinga unaonekana kutokea wapi.

Usiku wake ndipo alipotusimulia. Mlinga ule, wazee wao walikuwa hawaupandi ovyo. Ukitaka kwenda unaaga, unakwenda na mtu anayepajua, na huko juu hutaji majina ya watu kwa sauti. Yeye mwenyewe hajawahi kufika kileleni na hataki. Akatusimulia na Magila, jinsi nyanya yake alivyokuwa akishuka alfajiri na mzigo wa ndizi kuuza karibu na misheni, akisikia kengele ya kanisa anajua yuko katikati ya njia. Mwanangu wa kiume akauliza, "Bibi, hawakuwa na saa?" Akajibiwa, "Kengele ilikuwa ya watu wote. Saa yako ni ya nani?"

#15 Mwalimu wa Zamu

Magila ni misheni ya Waanglikana wa UMCA, chama cha wamisionari kutoka Uingereza, ya tangu miaka ya 1860, kati ya misheni kongwe za Tanzania Bara. Mwenye muda apite, kanisa la mawe lipo.

Na kwa kuwa mmeshafika Muheza, msiikose Amani. Ni kama kilomita 35 kutoka Muheza, na zile za mwisho kutoka lango la Zigi kwenda juu ndizo zinazokula muda. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakileta miti ya dunia nzima kuijaribu, ndiyo maana unakuta miti ya Asia na Amerika imesimama pamoja na miti yetu. Msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kuna mbega, kuna vinyonga wenye pembe, kuna mashamba ya chai yaliyolala kama zulia, kuna iliki na mdalasini kwenye mabustani ya watu, na bwawa dogo la Amani ambako wapenda ndege na vyura hukesha na tochi.

Na lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalipanda madirishani, asili yake ni huku kwetu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelikusanya mwaka 1892 na kulipeleka kwao, likapewa jina lake, Saintpaulia. Nyumbani linaota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na hakuna anayelimwagilia. Nimefundisha miaka mingi, na wanafunzi wengi wa Tanga walilijua kwanza kwenye picha za kadi.

#16 Bomba Kavu

Mwalimu umesahau jambo moja linalotuhusu sote wa mjini. Mto Zigi unatoka huko Amani. Unateremka, unazuiwa bwawa la Mabayani, unasafishwa, ndio unakuja kwenye ndoo zetu. Maji ya Barabara ya Kumi na Mbili yameshapita chini ya miti hiyo. Ndiyo maana kuna umoja wa wakulima huko juu, UWAMAKIZI, wanaopanda miti na kuacha kulima kingo za mito ya Kihuhwi na Zigi. Mkulima wa huko akilima ukingoni, sisi huku tunakunywa udongo wake.

Kwa hiyo @Kiroboto Mpole, unauliza kutazama maji yaliyosimama ili iweje. Yale ya Mabayani wewe unayaoga kila siku, hujawahi kwenda kuyasalimia.

#17 Kiroboto Mpole

Haya. Mmenikamata. Mwezi wa kumi naruhusiwa likizo, nitajaribu.

#18 Chenza Bichi

Mwezi wa kumi vuli inaanza, utakuta utelezi wa mleta uzi mara tatu. Nenda wa nane au wa tisa, kumekauka na machungwa yapo. Januari na Februari pia safi. Machi mpaka Mei usijaribu na kigari kidogo, utalala kwa yule bibi.

Na naomba niseme la moyoni kama mwenyeji. Mnapokuja karibuni sana, kijana wa bodaboda anakula, mama wa ndizi anakula. Lakini chupa za maji mnazotupa njiani zinaingia kwenye mifereji, mvua ikija zinashuka mpaka kwetu chini. Na kupiga picha watoto wa watu wakiwa wamebeba kuni, bila kuomba, acheni. Yule ni mtoto wa mtu, ana mama yake, salimia kwanza.

#19 Mshamba wa Soni

Hili naliunga mkono, Lushoto ni hivyohivyo.

#20 Ngalawa Kavu

Wakuu, kuna jambo la aibu.

Leo nimefungua buti nitoe jeki, nimekuta jembe. La yule bibi. Wiki tatu nimetembea nalo mjini. Siku ile nilirusha kila kitu ndani nikaondoka kama mwizi, na yeye alikuwa ananipungia mkono, sasa nafikiri alikuwa ananiita. Mama nimemwambia, hajanisemesha tangu mchana. Namba ya simu ya bibi sina, ninachokumbuka ni kona yenyewe, kuna mfenesi mkubwa kushoto na kibanda cha mabati hakina mlango.

Kuna anayepanda Magoroto wiki hii?

#21 Chenza Bichi

Mfenesi napajua. Wabondei huwa hatusahau jembe mkuu, jiandae. Jumamosi napeleka saruji huko juu, liweke kwenye kosta ya asubuhi, mpe konda, mimi nitalipokea Muheza stendi. Funga na kilo mbili za sukari.

#22 Fundi Pancha

Na picha!!

#23 Ngalawa Kavu

Nimelikabidhi saa moja asubuhi, pamoja na sukari, majani ya chai na kanga aliyoichagua mama.

#24 Chenza Bichi

Limefika. Bibi alikuwa shambani analimia jembe la kuazima. Kalipokea, kaligeuza, kasema mpini umelegea, mliliacha juani. Kanga kaivaa hapohapo. Kanipa mafenesi mawili, moja langu, moja la mama yako. La mama yako liko kwa konda wa kosta ya saa nane, wahi Kange, limeshaanza kunukia.